Usingizi wa Mbalamwezi

Mwezi ukiwa mkubwa, mitumbwi ya dagaa haiingii ziwani. Taa za wavuvi hazina maana usiku ambao anga lote linawaka, dagaa hawazifuati. Wavuvi hukaa nchi kavu wakishona nyavu, na wanawake wanaonunua dagaa mwaloni, ufukweni mitumbwi inapofikia, hupata kulala usiku kucha kama watu wengine. Evalina aliishi kwa kuzisubiri siku hizo. Mbalamwezi ikifika alipika mapema, akawalaza watoto wake wawili, akavuta shuka hadi kichwani na kulala mpaka jogoo wa jirani achoke kuwika.

Siku nyingine zote, zile ambazo watu wa mwaloni Lamadi huziita giza, alilala vipande. Aliamka watu wengine wakiwa katikati ya usingizi wao, akachukua beseni, akaenda kusubiri mitumbwi. Ikifika, aligombea dagaa na wanawake wenzake, akawabeba hadi kwenye chanja lake la nyavu, akawatandaza. Kisha alijilaza chini ya chanja, kanga usoni, sikio moja likiwasikiliza kunguru. Akaamka kuwageuza dagaa. Akajilaza tena. Akaamka kumfukuza korongo. Mchana wingu likijitokeza upande wa ziwa aliamka bila kuamshwa, kana kwamba mvua imemgusa bega. Hivyo ndivyo alivyoishi tangu mimba ya mtoto wa kwanza, na hakuna aliyewahi kumuuliza anawezaje. Hata yeye hakuwahi kujiuliza.

Mumewe, Keneth, alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu karibu na stendi. Hakuwa mlevi, wala hakuwa mtu wa kupiga. Alikuwa tu amechoka kuwa fundi simu, na mtu aliyechoka hivyo humsikiliza yeyote anayempa njia. Njia aliipata kwenye kundi la WhatsApp la mhamasishaji mmoja aliyejiita Kocha Onesmo, kijana wa suti za kubana na sauti ya kuunguruma.

Kocha alifundisha kwamba usingizi na umaskini ni mtu na dada yake. Mtu anayelala usiku mzima, alisema, anatupa theluthi ya maisha yake jalalani. Dawa ni kulala dakika ishirini kila baada ya saa nne, mchana na usiku, basi. Mwili utagoma mwanzoni, kisha utazoea, na mwenye mwili atajikuta ana saa nyingi za kutafuta mali wenzake wakikoroma.

Keneth alianza mazoezi wiki ya mbalamwezi.

Usiku wa kwanza simu yake ililia Evalina akiwa ndani kabisa ya usingizi. Haikuwa kengele ya kawaida. Ilikuwa sauti ya Kocha mwenyewe, imerekodiwa: "Amka, tajiri! Amka, tajiri!" Mtoto mdogo aliruka kitandani akilia. Evalina alidhani wamevamiwa.

"Nini hiki?"

"Zoezi," Keneth alisema, akipapasa viatu. "Wewe lala tu, mke wangu."

Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili na ukuta wa kati usiofika juu. Akaenda kukaa sebuleni, akawasha taa, akaanza kusikiliza masomo ya Kocha bila kuweka vidude vya masikioni. Baadaye akaja kulala. Dakika ishirini zikapita. "Amka, tajiri!"

Ilikuwa hivyo usiku wote, na uliofuata, na wiki nzima. Mbalamwezi ikaisha, giza likarudi, Evalina akarejea mwaloni akiwa hajalala usiku hata mmoja.

"Keneth," alimwambia asubuhi ile, "siku zile ndizo ninazolala mimi. Huna nyingine za kuchukua?"

"Ndiyo maana hatuendelei," akamjibu kwa upole, na upole huo ndio uliomuudhi zaidi. "Wewe unapenda sana kulala."

Evalina alikuwa ameshika sufuria ya uji. Aliiweka chini polepole, kwa sababu alijua asipoiweka chini ataitupa.

"Mimi napenda kulala?"

"Sikukutukana. Nasema tu."

Alitoka nje akaenda kukaa nyuma ya nyumba, kwenye jiwe la kufulia. Alitamani kupiga kelele. Watoto walikuwa wanajiandaa kwenda shule, akanyamaza.

Keneth alikonda. Macho yakawa mekundu, mikono ikaanza kukosea. Alichoma simu za watu kwa moto wa kulehemu, akasahau nani ameleta ipi. Katika kundi, kila alipoandika kwamba anajisikia vibaya, Kocha alimjibu: "Huo ni umaskini unatoka mwilini. Vumilia." Naye akavumilia.

Asubuhi moja alimpakia Evalina kwenye pikipiki pamoja na gunia la dagaa wakavu, wakashike basi la Bariadi ambako Evalina alikuwa na mteja sokoni. Barabara ilikuwa nyeupe, haina gari wala mtu, jua limeshapanda juu ya mashamba ya pamba. Evalina alikaa upande, mkono mmoja kiunoni kwa mumewe, mwingine ukishikilia gunia. Alihisi mgongo wa Keneth ukilegea. Ulilegea taratibu, kama wa mtoto anayebebwa. Akaita, "Keneth!" Kichwa chake kilikuwa kimeshaanguka kifuani.

Pikipiki iliacha barabara, ikaruka mtaro, ikaingia shambani. Evalina aliangukia bega. Alisikia kitu kikivunjika ndani yake kwa sauti ndogo, kama muhogo mkavu. Dagaa walimwagika juu ya mipamba hadi mbali.

Keneth alikuwa na mchubuko wa goti tu. Alisimama, akatazama huku na huku kama mtu aliyeamshwa ugenini. Mkulima mmoja alikuja mbio kutoka upande wa pili wa shamba, akiwasalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka! Poleni! Imekuwaje?"

Keneth alimwangalia mkewe aliyelala chini akiwa ameshika bega. Kisha akasema, "Mbuzi. Mbuzi amekatiza ghafla."

Evalina alisikia vizuri. Maumivu yalimziba mdomo, lakini masikio yalikuwa wazi.

Kwenye kituo cha afya walimwambia mfupa wa mtulinga umevunjika, wakamfunga mkono kifuani kwa kitambaa, wakamkataza kubeba chochote mpaka mfupa uunge. Keneth alimsimulia mganga habari za mbuzi. Alizisimulia kwa majirani waliokuja kutoa pole, na kila aliposimulia, mbuzi alipata rangi mpya. Jioni alipofika dada yake mkubwa, Milembe, aliyemlea Keneth tangu wazazi wao walipofariki, mbuzi alikuwa mweusi mwenye doa jeupe.

Milembe aliposogea kumrekebishia mto, Evalina alimnong'oneza. "Wifi, hapakuwa na mbuzi. Mdogo wako alilala."

Milembe hakushtuka. Alimalizia kuuweka mto sawa.

"Najua. Macho yake nimeyaona. Lakini mayu, mama yangu, ukimwambia mtu kwamba mumeo alilala akiendesha, unapata nini? Mfupa utaunga haraka? Mwachie mbuzi wake."

"Mbuzi wake amenivunja mimi."

"Utapona. Aibu ya mwanaume haiponi."

Evalina aligeuza uso ukutani. Aliwaza: mfupa wangu unapona, aibu yake haiponi, basi mimi ndiye wa kuvunjwa. Alilia kwa hasira, machozi yakiingia sikioni kwa sababu mkono mzuri ndio alioulalia na mwingine haukuweza kunyanyuka kuyafuta.

Keneth alichukua zamu ya mwaloni. Kwa maneno yake, alichukua kazi yote ya mkewe. Kwa kweli alikwenda kupokea dagaa, akawafikisha kwenye chanja, kisha muda wake wa dakika ishirini ukawa umefika, akarudi nyumbani kulala. Aliyewatandaza alikuwa Evalina, kwa mkono mmoja. Aliyewageuza, Evalina. Aliyekimbia wingu lilipojitokeza, kitambaa kikimkata shingo, ni Evalina, na wanawake wa machanja ya jirani waliomhurumia. Mmoja wao, Anyesi, alitema mate chini na kusema, "Mume wako anajifunza nini hasa? Kulala vipande? Si angekuja kutuuliza sisi."

Wanawake walicheka. Evalina hakucheka. Maneno yale yalimwingia na kukaa. Alijiona miaka yote chini ya chanja, kanga usoni, akilala na kuamka, kulala na kuamka, na hakuna aliyemwita shujaa wala tajiri. Alifanya hivyo kwa sababu watoto walikula. Sasa mtu anafanya kwa kupenda, anavunja watu mifupa, na anaambiwa ana nidhamu.

Mfupa ulikuwa haujaunga sawasawa Keneth alipokuja na habari, uso umemng'aa licha ya ule wekundu wa macho. Kocha Onesmo anakuja Bariadi kufanya semina ukumbini, na amemchagua Keneth atoe ushuhuda mbele ya watu. Amesema aje na mkewe.

"Mimi niende kufanya nini?"

"Ukae tu, watu wakuone. Tafadhali, Evalina. Sijawahi kuitwa mbele ya watu maisha yangu yote."

Hilo lilikuwa kweli, na kwa sababu lilikuwa kweli, alikwenda.

Walifika Bariadi mapema, ukumbi ukiwa bado unafagiwa. Keneth akabaki kupanga viti. Evalina akaenda kunywa chai kwa Zena, mama wa Kiislamu aliyekuwa na nyumba ya wageni na mgahawa mbele yake, ambaye pia hununua dagaa wake. Zena alipoona ule mkono uliofungwa alimletea chai yeye mwenyewe, akakaa naye.

"Pole, mama. Na leo kuna nini mjini?"

Evalina alimwambia habari za semina. Zena akafunika mdomo kwa ncha ya mtandio.

"Huyo kocha si amelala hapa kwangu? Jana kaja, kaomba chumba cha nyuma, mbali na barabara. Kasema mtu yeyote asimgongee. Nimempelekea maji ya kuoga sasa hivi tu, bado anapiga miayo. Amelala kama mtoto wa kunyonya!"

Evalina alimaliza chai yake. Ilikuwa ya tangawizi, naye hakuihisi.

Ukumbi ulijaa: walimu, mawakala wa pesa za simu, vijana wa bodaboda, wanawake wa vikoba, vile vikundi vya kukopeshana. Kocha aliingia kwa muziki. Alikuwa na nguvu kweli, anarukaruka, anawauliza watu, "Nani anataka kufa maskini?" na hakuna aliyenyoosha mkono. Kisha akamwita Keneth.

Keneth alishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Alisimulia alivyoanza, mwili ulivyogoma, alivyovumilia. Halafu akasema, "Nilipata mtihani. Mke wangu yule pale aliumia. Tulikuwa kwenye pikipiki, mbuzi akakatiza. Lakini kwa sababu nilikuwa nimeshazoea kulala vipande, niliweza kubeba kazi zangu na kazi zake zote, na leo nasimama hapa."

Watu walipiga makofi. Kocha akanyoosha mkono kuelekea kwa Evalina. "Simama, mama! Simama tukuone! Mpigieni makofi mke wa shujaa!"

Evalina alisimama. Kijana wa ukumbini alikuwa ameshamfikishia kipaza sauti kidevuni.

"Hapakuwa na mbuzi," alisema.

Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyotarajia. Wachache walicheka, wakidhani ni utani.

"Hapakuwa na mbuzi. Alisinzia akiendesha. Mkono huu umevunjwa na hayo mazoezi yenu. Na kazi zangu hakuzibeba, nilizibeba mwenyewe kwa mkono mmoja yeye akiwa amekwenda kulala. Mimi nalala vipande tangu sijamjua Kocha wala kundi. Sisi wanawake wa mwaloni wote tunalala hivyo. Hakuna ambaye ametajirika. Tumechoka tu."

Keneth alikuwa anaangalia ncha za viatu vyake. Kocha, asiyepoteza hata pumzi, alipasua tabasamu.

"Mnaona! Mnamwona mama huyu? Miaka yote hiyo analala vipande na bado anasimama! Huo ndio ushahidi kwamba mwili unaweza! Kinachomkosesha utajiri ni mtazamo tu! Makofi kwa mama!"

Nao wakapiga. Walipiga kwa nguvu kuliko mwanzo. Hasira aliyokuja nayo Evalina ilikuwa imechukuliwa mkononi mwake mchana kweupe na kugeuzwa somo.

"Na wewe," alisema juu ya kelele za makofi, "jana umelala saa ngapi mpaka saa ngapi?"

Kocha alicheka. "Mimi nimeshavuka hatua hiyo, mama. Mwalimu wa darasa la kwanza hasomi tena a, e, i, o, u." Watu wakaangua kicheko, na kijana mwenye kipaza sauti akakivuta.

Evalina alitoka. Alitembea hadi stendi huku ametazama mbele, akakaa kwenye basi lililokuwa halijaanza kujaza abiria. Keneth alimkuta huko baadaye sana. Alikaa pembeni yake.

"Umeniaibisha," alisema.

"Umenivunja."

"Mbele ya watu wote wale, Evalina."

"Wewe umenivunja mbele ya nani? Mbele ya mbuzi?"

Gari lilipoanza kwenda, kichwa cha Keneth kikaanguka kwenye bega zima la mkewe. Alikuwa ameshalala, mdomo wazi. Evalina alikisukuma kichwa kile kikagonga kioo. Hakuamka. Alilala njia nzima, simu ikimwita tajiri mfukoni, abiria wakigeuka kutazama.

Giza lilipokaribia kurudi, Evalina alifunga nguo zake kwenye kanga akasema anakwenda Nassa kwa mama yake mpaka mfupa uunge. Watoto na dagaa alimwachia baba yao. Milembe alikuja kumzuia mlangoni.

"Mwanamke haachi nyumba kwa sababu ya usingizi."

"Naacha kwa sababu ya uongo, dada. Usingizi nakwenda kuutafuta huko."

Nassa alilala. Mama yake alimtandikia chumba cha ndani, akamwekea michembe ya viazi vitamu na karanga pembeni, akawakataza watoto wa jirani kupiga kelele dirishani. Siku za kwanza aliamka usiku kwa mazoea, akaketi kitandani akitafuta beseni. Kisha mwili ukaelewa. Hasira haikuondoka, ila ikawa hasira ya mtu aliyepumzika, na hiyo ni kali zaidi kwa sababu inafikiri.

Keneth alifika kabla ya giza lile kuisha, kwa miguu kutoka barabarani, pikipiki ikiwa imebaki kwa fundi. Alimsalimu mama mkwe kwa Kisukuma akiwa amechuchumaa, mikono imeunganishwa. "Mwadila, mayu." Kisha akabaki kimya mpaka mama alipoelewa na kwenda kuangalia mbuzi wake, ambao wao walikuwepo kweli.

"Dagaa wamenyeshewa," alisema. "Nilijilaza kidogo nikapitiwa. Niliamka maji yanapita chini ya chanja. Wameoza wote. Mtoto naye aliumwa homa usiku, nikawa naamka kumpa maji, halafu mwaloni, halafu shule, halafu kibanda. Nilikaa chini nikalia, Evalina. Mtu mzima."

Alisubiri aonewe huruma. Evalina hakumpa.

"Sema kilichokuleta."

Keneth alifuta uso kwa kiganja. "Nilisinzia. Siku ile. Niliogopa kusema."

"Mimi nilikuwepo. Huniambii jipya. Kamwambie dada yako. Waambie majirani wote uliowapelekea yule mbuzi mweusi. Kisha nitarudi, na nikirudi, usiku mmoja ni wa kwako mwaloni na mwingine ni wangu, kazi yote, mpaka dagaa waingie guniani. Na mwezi ukiwa mkubwa, simu ikilia ndani ya nyumba ile naitupa chooni."

Keneth alikwenda akasema. Milembe aliposikia alimkemea mdogo wake kwa kuungama, na akamkasirikia Evalina kwa kumlazimisha. Mpaka leo akija anamsalimu wifi yake kwa kifupi. Majirani walicheka siku mbili tatu, wakapata mengine ya kucheka. Evalina alirudi, na Keneth akajitoa kwenye kundi. Kocha, kwa wanavyosema, sasa anafundisha ufugaji wa kuku.

Keneth anakwenda mwaloni zamu yake. Wanawake walimzomea mwanzoni, sasa wanamsogezea nafasi. Jumapili moja, baada ya ibada, mama mmoja alimshika Evalina mkono akamwambia, "Umepata mume, mwenzetu. Anakusaidia kazi zako."

"Kazi zangu?" Evalina alisema kwa sauti, mbele ya mlango wa kanisa. "Hao dagaa wanasomesha watoto wa nani, wangu peke yangu?"

Yule mama akaomba radhi, ingawa hakujua amekosea nini.

Mfupa uliunga ukiwa umepinda. Upande ule habebi tena beseni, na asubuhi za baridi unamuuma. Ukimuuma hasira hurudi mbichi kabisa, naye hainyamazii. Humwambia Keneth palepale, hata kama ugali uko mezani, hata kama watoto wapo. Keneth huweka tonge chini na kumsikiliza mpaka amalize.